BULONI ILIYOSHIKWA NA KUTU HAISHINDWI KWA NGUVU



Mara nyingi katika ukurasa huu tunasema juu ya mambo ya mgodini: kofia ya chuma, viatu, taa, baruti, hewa mbaya ya shimoni. Leo tunatoka mgodini na kuingia katika kiwanja cha nyumba. Mfanyakazi akiumia mkono siku ya mapumziko, mkono huo hauwezi kushika kazi kesho yake. Familia inakosa vilevile, na maumivu ni yaleyale.

Wengi wetu hapa Goma tuna motokari ya zamani, au ndugu yetu anayo. Wengine wanaitumia kama teksi, wengine wanaleta mihogo na makala kutoka vijijini. Motokari ya zamani ina ugonjwa mmoja unaojulikana sana: maji yanachemka. Na dawa yake mara nyingi inaanza kwa kufungua buloni mbili au tatu ndogo zilizoshikwa na kutu. Hapo ndipo ajali inapongojea.

KISA CHA BULONI MBILI

Mwenzetu mmoja, jina lake hatutalitaja, alirudi kutoka Sake siku ya yenga mchana. Motokari ilikuwa imebeba mzigo, na mshale wa joto ulikuwa umefika kwenye rangi nyekundu. Alipofika nyumbani alitaka kuondoa termostati palepale, kwa sababu kesho yake alikuwa na zamu ya asubuhi. Mtoto wake alisimama karibu, akimshikia funguo.

Jirani, mzee aliyefanya kazi ya garaji miaka mingi, akapita akaona mvuke.

– Papa, acha ipoe kwanza. Kesho nayo ni siku.

– Mzee wangu, buloni ni mbili tu. Dakika kumi nimemaliza.

Buloni ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikataa. Mwenzetu akachukua bomba la chuma, akalichomeka kwenye ufunguo ili apate nguvu zaidi, akavuta kwa uzito wa mwili wote. Buloni ikakatika. Mkono ukaenda moja kwa moja kwenye makali ya feni, na kifuniko cha termostati kikainuka upande mmoja. Maji ya moto yaliyokuwa yamefungwa ndani yakaruka juu ya mkono wake mpaka kwenye kiwiko.

Mtoto alipona kwa bahati tu: alikuwa amegeuka kuokota ufunguo ulioanguka. Baba alikaa majuma mengi bila kazi. Na motokari? Kipande cha buloni kilibaki ndani ya tundu, na fundi wa kukitoa alidai fedha nyingi kuliko bei ya termostati yenyewe.

Tuangalie sasa makosa yalikuwa wapi, na kazi hii inafanywaje na mtu mwenye akili.

KWA NINI MAJI YANACHEMKA UPESI HAPA KWETU

Goma iko mita 1500 hivi juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ile ya Kindu au Kisangani. Kwa sababu hiyo maji ya sufuria hapa yanachemka kwenye digri 95 hivi, hayafiki 100. Mama wa nyumba wanalijua jambo hili bila kipimo: maharagwe yanachelewa kuiva.

Katika motokari, kifuniko cha radiateri kina springi ndani. Kazi yake si kuzuia maji yasimwagike tu. Kinayakandamiza maji, ili yaweze kupita digri 95, hata kupita 110, bila kuchemka. Nguvu ya kifuniko imeandikwa juu yake, kwa mfano 0.9 au 1.1.

Hapo mtafahamu mambo mawili. La kwanza: springi ikichoka au mpira wa kifuniko ukipasuka, maji yako yatachemka kwenye digri 95, wakati termostati nyingi zinaanza kufunguka kwenye digri 82 au 88. Nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu injini, badilisha kifuniko. Ni kitu cha bei ndogo, lakini watu wengi wanakisahau.

La pili ndilo la hatari. Maji yaliyokandamizwa kwenye digri 105 au 110 yanakaa kimya. Ukifungua kifuniko, au ukilegeza buloni ya sehemu ya maji, mkandamizo unatoka kwa mara moja, na sehemu ya maji hayo inageuka kuwa mvuke palepale. Hayachuruziki, yanalipuka. Ndiyo sababu tunasema bila kuchoka: INJINI YA MOTO HAIFUNGULIWI.

KWA NINI BULONI INASHIKWA

Buloni ni ya chuma. Kifuniko cha termostati na pompi ya maji, katika motokari nyingi, ni vya aluminiamu. Madini hayo mawili yakikutana penye maji yenye chumvi, yanafanya kama betri ndogo: umeme kidogo unapita, na aluminiamu inaliwa polepole. Inageuka unga mweupe. Unga huo unataka nafasi kubwa kuliko chuma kilichouzaa, basi unajaza nafasi yote kati ya nyuzi za buloni na tundu na kuibana kama sementi. Juu yake inaongezeka kutu nyekundu ya buloni yenyewe.

Tena, buloni nyingine zinapita mpaka ndani ya njia ya maji. Ncha zake zinaoga katika maji ya injini miaka kumi, ishirini. Hizo ndizo mbaya zaidi. Kwa nje utaona kichwa kizuri, kumbe ndani imebaki nyembamba kama msumari.

Na maji tunayotia yanaongeza ugonjwa. Maji ya Ziwa Kivu, yale vijana wanayochota Kituku na kuyapandisha kwa chukudu katika bidoni za manjano, yana madini mengi yaliyoyeyuka ndani. Yakipata joto yanaacha ukoko mweupe, kama ule ulio ndani ya birika la chai. Maji ya mvua nayo yanaonekana safi, lakini moshi wa Nyiragongo unayapa ukali wa asidi. Chukudu yenyewe haina taabu hiyo: haina radiateri! Lakini motokari inakumbuka kila bidoni uliyoinywesha.

KABLA YA KUSHIKA UFUNGUO

1. Ngoja injini ipoe kabisa. Baada ya safari ndefu, ngoja saa tatu au zaidi. Kulala usiku mzima ni bora. Shika mpira mkubwa wa juu wa radiateri: ukiwa mgumu au wa moto, bado.

2. Simamisha motokari mahali palipo sawa. Vuta breki ya mkono, weka vizuizi vya mti mbele na nyuma ya magurudumu. Ukilazimika kuingia chini, usiitegemee jeki peke yake hata dakika moja. Na usitumie mawe ya volkano kama nguzo. Jiwe letu jeusi lina matundu kama mkate. Linaonekana gumu, lakini uzito wa motokari unaweza kulivunja ghafla. Tumia miguu ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au magogo mapana ya mti mgumu.

3. Ondoa waya wa betri. Katika motokari nyingine feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata ufunguo umekwisha kutolewa.

4. Fungua kifuniko cha radiateri, kisha mwaga maji katika beseni, si chini. Ardhi ya Goma ni mawe yenye nyufa. Kinachomwagika leo kinashuka kuelekea ziwani, na ziwani watu wanachota.

5. Vaa miwani ya kazi. Kutu inaruka machoni kama mchanga wa baruti. Vaa viatu vilivyofunika mguu, si kandambili. Vua pete na saa.

6. Watoto wakae mbali. Mtoto anayependa kazi ya baba yake ni baraka, lakini mpe kazi ya kupanga buloni katika kopo, huko pembeni.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Kwanza, safisha. Piga brashi ya waya juu ya kichwa cha buloni na kuizunguka. Dawa ya kulegeza kutu haiwezi kupenya udongo na mafuta yaliyokauka.

Pili, tia dawa. Dawa za kulegeza kutu zinauzwa madukani katika kopo la kupuliza. Mafundi wengine wanachanganya wenyewe: nusu asetoni, nusu mafuta mekundu ya gia za otomatiki. Mchanganyiko huo unapenya vizuri, lakini unashika moto haraka kama esansi. Usiutumie penye sigara wala jiko. Tia kidogo, ngoja, tia tena. Dawa haifanyi kazi kwa dakika tano. Mwenye akili anatia jioni ya siku ya posho, anarudia kabla ya kulala, na anafungua siku ya yenga asubuhi.

Tatu, gonga. Chukua nyundo ndogo, gonga kichwa cha buloni sawasawa, mara nyingi, kwa nguvu ya kadiri. Mtikisiko unavunja ule unga ulioshika nyuzi, na dawa inapata njia. Usigonge aluminiamu, inapasuka.

Nne, chagua ufunguo. Tumia ufunguo wa kikombe wenye pembe sita, unaoingia bila kucheza. Wenye pembe kumi na mbili unashika kwenye ncha tu na kulainisha kichwa. Koleo la kuchezacheza liache kwanza. Kichwa kikishakuwa mviringo, umejiongezea kazi mara tatu.

Tano, kaza kwanza. Wengi wanashangaa wakisikia neno hili. Kaza kidogo sana, kama unataka kuisukuma tu. Ukisikia imetoa sauti ndogo ya kupasuka, kutu imekatika. Sasa legeza kidogo kuelekea kushoto. Ikianza kukaza, usiendelee. Rudisha kulia, tia dawa, halafu kushoto tena. Nenda robo, rudi nusu ya robo. Unga unasagika na kutoka polepole.

Sita, sikiliza mkono wako. Buloni inayolegea inatembea na kusimama pale ulipoiachia. Buloni inayotaka kukatika inajinyonga kama mpira: unavuta, inakuja kidogo, unaachia, inarudi. UKISIKIA HIVYO, ACHA. Hiyo ndiyo dakika ambayo mwenzetu alichukua bomba. Buloni za termostati mara nyingi zinafunguliwa kwa ufunguo namba 10 au 12. Mwili wake ni mwembamba kama penseli au hata kuipungukia. Mkono wa mtu mzima peke yake unaweza kuzikata, bila bomba lolote.

Saba, vuta ufunguo kuelekea kwako, na kabla ya kuvuta jiulize: "Ikiachia ghafla, mkono wangu utapiga wapi?" Kama jibu ni feni, betri au makali ya radiateri, geuza mwili au funika mahali hapo kwa gunia nene.

JOTO NI DAWA, LAKINI DAWA KALI

Aluminiamu ikipata joto inapanuka karibu mara mbili kuliko chuma. Kwa hiyo tukipasha kifuniko, tundu linapanuka kuipita buloni, na ule mshiko unavunjika. Kumbukeni basi: tunapasha kile kinachozunguka buloni, si buloni.

Njia ya salama ya kwanza iko jikoni. Funga kitambaa kuzunguka sehemu hiyo, mimina polepole maji yaliyochemka kutoka kwenye birika, kisha jaribu kufungua. Rudia mara tatu au nne. Mara nyingi inatosha kwa buloni ndogo. Anayemimina avae glavu, na wengine wasimame nyuma.

Moto wa shalimo ni kazi ya fundi aliyejifunza. Sababu ni hizi. Aluminiamu haibadiliki rangi kabla ya kuyeyuka: chuma kinakuwa chekundu na kukuonya, lakini aluminiamu inabaki nyeupe, halafu kwenye digri 660 inaanguka chini kama uji. Tena, pale karibu pana mipira ya esansi au mazuti, pana waya, pana mafuta ya injini. Dawa ya kulegeza kutu uliyotia jana nayo inawaka. Lazima ifutwe kabisa kwanza. Na dawa za kupuliza za kusafishia breki, zile zenye klorini, zikikutana na moto zinatoa gesi ya sumu inayoharibu mapafu. Usizitumie kamwe mahali patakapopashwa moto.

Fundi akitumia moto, ndoo ya mchanga au kizima-moto kiwe karibu, na mtu wa pili asimame kuangalia.

IKIKATIKA, USIPOTEZE AKILI

Weka ufunguo chini. Kunywa maji. Hasira imeharibu tundu nyingi kuliko kutu.

Kama kipande kimebaki nje, kidogo tu kinatosha. Tia dawa, pasha kwa maji ya moto, kisha kishike kwa koleo la kujifunga, ulizungushe kulia na kushoto kama tulivyosema. Kama nyuzi zinaonekana, funga ekru mbili zikazane zenyewe kwa zenyewe, halafu zungusha ile ya chini. Fundi wa kusudea anaweza pia kushikiza ekru juu ya kipande. Joto la kusudea lenyewe linasaidia kulegeza.

Kama buloni imekatika ndani ya tundu, mpelekee fundi mwenye mashine ya kutoboa. Atapiga alama katikati kabisa, atatoboa kwa ncha ndogo, kisha kubwa zaidi, atasafisha nyuzi au kutengeneza mpya. Usikubali mtu akuingizie ile parafujo ya kutolea buloni kwa kuilazimisha. Ni ya chuma kigumu sana. Ikikatikia ndani, ncha ya kawaida ya kutobolea haiwezi kuila, na sasa una mizigo miwili badala ya mmoja.

Ndiyo, utalipa. Lakini malipo ya tundu moja ni madogo mbele ya kulasi, yaani kichwa cha injini, kilichoharibiwa kwa kutoboa upande.

KURUDISHA VIZURI, ILI USIRUDI HAPA TENA

Weka buloni mpya zenye urefu uleule. Buloni ndefu kupita kiasi inafika mwisho wa tundu kabla ya kukaza na inaweza kulipasua. Fupi inang'oa nyuzi. Safisha nyuzi za tundu. Paka grisi ya kuzuia kushikana kidogo, kama unavyopaka siagi ya maskini kwenye mkate. Kwa ile inayoingia katika njia ya maji, tumia gundi ya kuzibia, isije ikavuja. Nyuzi zenye grisi zinakazika kwa urahisi kuliko nyuzi kavu, kwa hiyo punguza nguvu. Kwangua gaskiti ya zamani kwa kitu kisichochubua, weka mpya, halafu kaza zote kwa zamu, kidogo kidogo, kwa kupishanisha. Ufunguo mfupi, kifundo cha mkono kinatosha, si bega.

Na termostati irudishwe. Tunasikia watu wakisema: "Hiyo ni ya nchi za baridi, sisi hatuihitaji." Si kweli. Bila termostati injini inakawia kupata joto lake, inakula mafuta mengi, na vyuma vyake vinachakaa. Tena kuna injini ambazo termostati inafunga njia ya pembeni maji yanapopata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye radiateri, na motokari inachemka zaidi katika mlima wa Kibumba au wa Masisi. Kabla ya kuiweka ile mpya, itie katika sufuria ya zamani pamoja na maji, upashe, uangalie kama inafunguka. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Tia dawa ya radiateri iliyochanganywa tayari, au iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Angalia sana hapa: dukani watu wanasema "maji ya betri" kwa vitu viwili, maji safi ya kuongezea na asidi ya kujazia betri mpya. Soma chupa. Asidi ikiingia katika radiateri inakula yote tuliyotengeneza, na ikikuingia jichoni inaweza kukupofusha.

SUMU TAMU

Mama wapenzi, sehemu hii ni yenu zaidi. Dawa ya radiateri, ya kijani, nyekundu au buluu, mara nyingi ina glikoli. Ina ladha tamu. Mtoto anaionja kama sirupu, mbuzi na mbwa wanairamba. Kiasi kidogo kinaweza kuharibu figo na kumwua mtoto.

Basi: isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Ile iliyotolewa iwekwe katika bidoni yenye alama, ifungwe, iwe juu mbali na mikono midogo. Beseni lililotumika lisifue nguo za mtoto wala kuosha mboga. Na mtoto akinywa, hata akionekana mzima au kama mlevi tu, msingoje: mpelekeni hospitali mara moja pamoja na ile chupa. Msimtapishe.

SHIMO LA GARAJI NA MAZUKU

Neno mazuku kila mtoto wa Goma na Sake analijua. Ni hewa nzito ya gesi kaboniki itokayo katika nyufa za ardhi yetu ya volkano. Lava ya mwaka 1977, ya 2002 na ya 2021 imetuonyesha nguvu ya mlima kwa macho. Mazuku haionekani, hainuki, haina sauti. Inajikusanya mahali pa chini, zaidi usiku na alfajiri wakati upepo umelala.

Shimo la kutengenezea motokari ni mahali pa chini. Kwa hiyo, usichimbe shimo hilo katika mtaa unaojulikana kwa mazuku, wala usilale chini ya motokari alfajiri mahali kama hapo. Ukisikia kichwa kizito, pumzi fupi, moyo unakimbia, toka palepale. Na mtu akianguka shimoni, USIMFUATE. Sisi wachimbaji tumeijua sheria hii kwa machozi: wa pili anayeingia kuokoa bila hewa, anakuwa maiti ya pili. Ita watu, mvute kwa kamba ukiwa juu.

Ndugu yake mazuku ni moshi wa injini. Usiwashe injini ndani ya garaji iliyofungwa, hata kwa dakika chache za kujaribu maji.

AJALI IKITOKEA

Kuungua: toa nguo iliyolowa maji ya moto na pete kabla mkono haujavimba, nguo iliyoshikana na ngozi iache. Mimina maji safi ya baridi juu ya jeraha kwa dakika 20. Kama bomba halitoi, mimina polepole kwa kikombe kutoka kwenye bidoni. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala yai. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali.

Kipande cha chuma jichoni: usisugue, usijaribu kukitoa kwa ncha ya kitambaa. Funika jicho bila kulikandamiza, nenda hospitali.

Jeraha la mkono: kandamiza kwa kitambaa safi, inua mkono juu. Kama lina kutu, uliza juu ya sindano ya pepopunda.

Wapenzi wasomaji, yule mwenzetu amepona na amerudi kazini. Alama ya kuungua anayo mpaka leo. Mwaka uliofuata pompi ya maji ilianza kuvuja. Alitia dawa jioni ya siku ya posho, akafunga boneti, akaenda kukaa na watoto wake. Asubuhi alifungua buloni tano moja baada ya nyingine. Moja ilikataa, akapasha kwa birika mara tatu, ikatoka nzima. Jirani mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anamtazama tu.

– Papa, leo umechukua siku mbili kwa kazi ya dakika kumi.

– Ndiyo, Mzee. Na leo nitakula kwa mkono wangu mwenyewe.